Ndoo Sita Mbele ya Mashine ya Mogesi

Ndoo sita zilikuwa zimepanga foleni mbele ya mashine ya Mzee Mogesi asubuhi ile ya Jumamosi, na ndani ya zote sita hapakuwa na punje hata moja. Tano zilikuwa mpya kabisa. Ya sita, ya bluu, yenye ufa kwenye mfuniko, ilikuwa yangu, na jana yake jioni nilikuwa nimeiogea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejificha dukani kwa Agustina, ng'ambo ya barabara, nimechuchumaa nyuma ya magunia ya chumvi kama mtoto aliyevunja kikombe, nachungulia katikati ya mabeseni yaliyoning'inizwa mlangoni. Mwalimu mzima wa hisabati, anayeamkiwa na darasa zima kila siku.

"Amesimama," Agustina alininong'oneza bila kugeuza kichwa. "Anaziangalia."

Nikamwuliza anaziangalia vipi. Akanijibu kwamba kuangalia ni kuangalia tu, ninyamaze.

Kama Mzee Mogesi angewasha injini asubuhi ile, huenda Kenyamonta tungebaki na mashine yetu ya kusaga. Asipoiwasha, saa sita mchana mtu kutoka Nyamongo angefika na gari, aifungue injini kwenye sakafu yake na kwenda nayo kusagia mawe ya dhahabu. Na kosa lote lile, kuanzia mwanzo wake, lilikuwa langu.

Nilifika Kenyamonta mwaka 2021, nimetokea Same, na barua ya ajira mfukoni. Watani wetu wanasema Mpare akinunua kiberiti anahesabu njiti. Sikuwahi kuwabishia, maana nilikuwa nazihesabu kweli. Labda ndiyo sababu mwalimu mkuu, baada ya kuniangalia kwa mwezi mmoja tu, aliniteua kuwa mwalimu wa chakula. Wazazi walichanga mahindi, wanafunzi walikunywa uji saa nne na kula ugali mchana, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kila Jumanne na kila Ijumaa magunia mawili yanatoka stoo, yanapanda mkokoteni na kwenda kwa Mzee Mogesi.

Niliichukia kazi ile. Mashine ilikuwa ndani ya kibanda cha mabati, giza na joto, na vumbi la unga lilikuingia mpaka kwenye kope. Mkanda ulikatika ovyo. Nikitoka pale nywele zimekuwa nyeupe, wanawake waliokuwa kwenye foleni waliniamkia wote kwa pamoja, shikamoo babu, halafu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba.

Kwa hiyo mfanyabiashara mmoja wa Mugumu aliponijia na wazo lake, lilinipata nimeiva. Yeye angeleta lori, angechukua mahindi yetu yote kwa mkupuo, na angetuachia unga uliokwisha sagwa, ndani ya mifuko ya karatasi yenye picha ya mwanamke anayetabasamu. Hakuna mkokoteni, hakuna foleni, hakuna kuitwa babu. Nililipeleka wazo kwenye kamati ya shule nikiwa na hoja saba, nikapigiwa makofi. Lori lilipokuja, Januari mwaka 2023, nilipiga picha nikiwa nimeegemea mifuko. Ninayo mpaka leo. Nimecheka kuliko yule mwanamke wa kwenye karatasi.

Na nyumbani kwangu mambo yalikuwa hayohayo. Mshahara ukitoka nilipanda pikipiki hadi Mugumu, nikanunua kila kitu kwa safari moja: unga, sukari, sabuni, mafuta, hata chumvi na kamba ya kuanikia nguo. Nikirudi nilipita mbele ya duka la Agustina nimekumbatia mizigo yangu, nikampungia mkono. Tena kwa heshima.

Niseme kuhusu sauti ile, kwa sababu bila sauti hakuna hadithi. Injini ya Mzee Mogesi ilikuwa ya dizeli, kwa vile umeme wa nguvu, ule wa kusukuma mashine, ulikuwa haujafika upande wetu. Kwenye mdomo wa bomba la moshi alikuwa amefunga kopo la maziwa kwa waya. Injini ikinguruma, lile kopo lilipigapiga, tuku tuku tuku, sauti ikavuka mashamba ya mihogo, ikashuka hadi mtoni, ikapanda ng'ambo. Mwanamke akiwa anapalilia kule anainua kichwa. Anajua leo kunasagwa. Anaacha jembe, anakwenda nyumbani kuchukua debe.

Hivyo ndivyo kijiji kilivyosaga miaka yote. Hakukuwa na ratiba wala tangazo. Lakini mzee naye alikuwa na kanuni yake: injini haiwashwi kwa ndoo moja. Dizeli inaletwa kutoka mbali, na ile injini ikiamka inakunywa kwanza kabla ya kufanya kazi. Mpaka zijipange ndoo sita, ndipo anashika hendeli ya kuwashia. Katika miaka yote ya magunia ya shule hakuna aliyeikumbuka kanuni hiyo, kwa sababu magunia mawili ni ndoo nyingi. Yalikuja, injini ikawashwa, kopo likalia, wanawake wakaja. Mimi ndiye niliyeyaondoa magunia, na wala sikujua nimeondoa nini.

Nilikuja kujua Alhamisi moja jioni, mwezi wa tatu, nikiwa jikoni kwa Mama Mokami. Huyu alikuwa mama mwenye nyumba wangu, na Mungu alimjalia huruma kwa wanaume wasiojua kupika. Alizoea kunipa ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mweusi, mzito, wenye uchachu kidogo, ugali ambao ukila saa moja jioni unakutana nao tena asubuhi ukiwa bado umekaa mahali pake. Siku ile aliniwekea ugali mweupe. Nilimega, nikatafuna, nikamwuliza mtama umeisha.

Akaniambia mtama upo, madebe mawili, pale nyuma ya mlango, wiki ya sita sasa. Huo mweupe ameununua wa mfuko, na yeye haupendi, unateleza tu kooni kama dawa.

"Sasa mbona husagi, mama?"

"Nasubiri mashine ilie."

Tonge la ugali likanikaa mkononi. Maana asubuhi ileile, nikienda shule, nilikuwa nimempita Mzee Mogesi ameketi kwenye kizingiti cha kibanda chake, mikono juu ya magoti. Nilimwamkia. Aliitika, akaniita mura, kama wanavyowaita vijana kule, akaniambia, bila hasira yoyote, kwamba Jumamosi kuna mtu wa Nyamongo anakuja kuichukua injini. Nilipomwuliza kwa nini, alinionyesha uwanja mtupu mbele yake, akasema amesubiri ndoo wiki sita.

Yeye alisubiri ndoo. Wao walisubiri sauti. Kijiji kizima kilikuwa kimeketi kinasubiriana, na hakuna aliyekuwa amemkosea mwenzake isipokuwa mwalimu wa hisabati.

Nilimweleza Mama Mokami, nikamsihi apeleke madebe yake kesho yake. Akaniangalia kwa mshangao. Akakae pale peke yake na debe, watu wakipita wanamwona, halafu jioni alirudishe kichwani mtama ukiwa mtama? Kule jambo hilo ni aibu, mwanamke hubaki akitaniwa nalo hadi mavuno yanayofuata. Nikapendekeza tuanzishe kundi la simu, watu wawe wanaambiana. Akacheka taratibu. "Mashine ikilia, najua ni mashine," alisema. "Simu yangu ikilia ni mtu anataka nimtumie kitu."

Na stoo ya shule, ambayo ingeweza kuokoa mambo kwa mkokoteni mmoja, haikuwa na punje. Ilikuwa na yule mwanamke wa kwenye karatasi, amepangwa mpaka darini, akitabasamu mara mia mbili.

Ijumaa baada ya vipindi nilikwenda dukani kwa Agustina. Aliponiona nainama kuingia alifuta kaunta, akaniuliza kama nimepotea njia, maana Mugumu ni upande ule. Nilistahili. Nikamweleza shida yangu: nilihitaji ndoo tano za kuazima kwa asubuhi moja tu, nami nina moja, jumla sita. Alisikiliza mpaka mwisho. Kwenye rafu nyuma yake niliona unga wa mfuko, nikapata hofu kwamba nimeleta kesi kwa mtu asiyefaa.

"Unga huu nauza, sikatai," alisema, amefuata macho yangu. "Lakini anayenunua mfuko anaingia hapa mara moja kwa mwezi. Anayesaga alikuwa anapita mara mbili kwa wiki, na akikaa foleni anakumbuka kwamba hana chumvi, hana kiberiti, mtoto hana daftari. Wengine sasa wanabeba hadi kijiji cha pili. Wakisaga kule, wananunua kulekule. Tangu mashine inyamaze, mwalimu, mimi nauzia nzi."

Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba duka linaweza kuishi kwa kelele za injini iliyo ng'ambo ya barabara. Alinitolea ndoo tano kutoka kwenye rundo lililofungwa kamba, mbili nyekundu, mbili za kijani, moja njano, akaniagiza zisikwaruzwe, maana bado ni mali ya kuuza. Na kabla sijatoka nilinunua sabuni. Ilikuwa aibu kuondoka bila kununua sabuni.

Alfajiri ya Jumamosi nilizipanga, nikaweka kila moja mfuniko wake, nikaiweka yangu ya bluu mbele kabisa ili ionekane kwamba kuna mtu mzima aliyeanza. Ndipo nikajichimbia nyuma ya magunia ya chumvi.

Mzee Mogesi aliziangalia ndoo zile muda mrefu. Alizizunguka. Aliinama kwenye ile nyekundu ya pili, akakaa hivyo kidogo, akainuka. Alitazama barabara juu, akatazama chini, halafu akatazama duka moja kwa moja, nami nikajikunja nyuma ya chumvi mpaka pua ikagusa gunia. Nilipoinua kichwa alikuwa amekwisha ingia kibandani.

Injini ilikohoa mara moja ikakataa. Ikakohoa tena. Mara ya tatu ikashika, moshi mweusi ukaruka, na lile kopo likaanza kucheza. Tuku tuku tuku. Agustina alijishika kifua. Mimi, nakiri, machozi yalinitoka, ingawa nilimwambia ni vumbi.

Halafu nikakumbuka kitu ambacho mtu mwenye akili angekikumbuka tangu Alhamisi. Injini ilikuwa inaunguza dizeli, na mzee alikuwa anatoka kuja kuchukua ndoo ya kwanza.

Nilitoka dukani mbio. Nilimfikia ameshashika mshikio wa ile ya bluu, nikamwambia yote palepale, nimesimama kando ya bomba la moshi. Nilimwambia ndoo ni tupu. Nilimwambia mimi ndiye niliyeleta lori, mimi ndiye niliyeyahamisha magunia, na kwamba naomba radhi. Nilipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Injini ikameza kila neno. Mzee aliweka kiganja nyuma ya sikio, akatikisa kichwa kwamba hasikii, akaiweka ndoo yangu chini polepole, akaenda kukaza mkanda ambao haukuwa umelegea.

Tulisimama hivyo, mashine ikisaga hewa. Sijui ni dakika ngapi. Mimi niliona mwaka mzima.

Kisha kwenye kona ya shamba la mihogo likatokea debe, na chini ya debe alikuwa Mama Mokami, kitenge kimepandishwa juu ya magoti, anakuja kwa mwendo ambao sikujua anao. Nyuma yake walikuwa wawili. Nyuma ya hao, sita. Wengine walikuja na matope miguuni, walikuwa mtoni. Mwingine alikuwa na ndoo mbili juu ya baiskeli na mtoto mgongoni. Kila aliyefika alikuta foleni tayari ina ndoo sita, akapanga yake nyuma bila kuuliza za nani. Zilipofika arobaini niliacha kuhesabu, mimi Mpare.

Ndoo zangu tupu nilizitoa moja moja, kwa kujifanya natafuta mahali pazuri pa kuziweka. Hakuna aliyeniangalia. Walikuwa na habari za wiki sita za kupeana.

Mtu wa Nyamongo alifika saa sita kamili, na gari na mafundi wawili wenye spana. Alishuka, akaukuta uwanja umejaa wanawake, uji wa mtoto umechemka kwenye mafiga, na kibanda kinatoa unga kama kinaungua. Alijaribu kupita kwenda mlangoni. Mama Mokami, aliyekuwa amekwisha saga lakini hakuona sababu ya kuondoka, alimshika mkono wa shati.

"Baba," alimwambia kwa upole, "foleni inaanzia kule."

Mzee Mogesi alitoka, mweupe kuanzia kofia hadi ndala, akamsalimia mgeni vizuri, akamwambia kwamba injini iko kazini. Basi. Yule bwana alikuwa mstaarabu, akaenda kunywa soda kwa Agustina pamoja na mafundi wake, chupa mbilimbili, wakaondoka. Agustina alikuja kuniambia baadaye kwamba hata huyo mashine ndiyo iliyomletea.

Nilirudi kwenye kamati ya shule na hoja moja tu badala ya saba, nikasema nilikosea. Walinikodolea macho, kisha wakanisamehe, na muhula uliofuata mahindi ya wazazi yalibaki stoo, na Jumanne na Ijumaa mkokoteni ukatoka. Niliitwa babu tena. Na mimi mwenyewe nikaacha safari za pikipiki. Nilianza kununua chumvi kwa Agustina, na sabuni, na baadaye nikagundua kwamba nyanya za jirani yake hazijabanwa kwenye tenga safari nzima. Viatu nilivyokuwa navitupa nikaanza kumpelekea fundi aliyekaa chini ya ukuta wa godauni. Sikugeuka mtakatifu. Niliendelea kuhesabu njiti. Lakini kila nilipotaka kununua kitu nilijikuta najiuliza nikikinunua hapa ni nani atakayesikia, na swali hilo lilinipendeza. Nilijihisi mkazi. Kabla ya hapo nilikuwa mtu aliyepangiwa kituo.

Kitu kimoja tu kilibaki kunisumbua. Ndoo zile tano nilizirudisha siku ileile, lakini yangu ya bluu haikuonekana. Sikuiulizia. Niliona ni ada ya kosa langu.

Mwaka jana nilihamishiwa Morotonga, karibu na Mugumu. Siku ya mwisho, ilikuwa Ijumaa, niliamka mapema kwenda kumuaga Mzee Mogesi kabla ya kazi. Uwanja ulikuwa bado na umande, hakuna mtu. Mbele ya mlango wa kibanda, kwenye nafasi ya kwanza ya foleni, ilikuwa imesimama ndoo ya bluu yenye ufa kwenye mfuniko.

Nilimwamkia. Aliitika, akaona ninapotazama.

"Naitoa kila siku ya kusaga," alisema. "Mtu hapendi kuwa wa kwanza. Akikuta moja, anaweka yake."

Nilicheka, nikamwambia kumbe siku ile alinisikia. Akasema hapana, siku ile hakusikia kitu, injini ilikuwa inapiga kelele mno. Kuhusu lori alijua siku lilipopita, kwa kuwa barabara ni moja. Lakini ndoo alizijua kabla hajagusa hendeli. Zile mpya zilikuwa bado na karatasi za kiwandani zimebandikwa ubavuni, na ndoo ya kusagia haina karatasi wala haing'ai.

Nikamwuliza, kama alijua ni tupu, na dizeli yenyewe inaletwa kutoka mbali, kwa nini aliwasha.

Mzee Mogesi aliifuta ndoo yangu umande kwa kiganja, akaiweka sawa kwenye mstari wake.

"Ilikuwa inaondoka saa sita, mura. Nilitaka niisikie."

Nilimwomba anipe ndoo yangu niende nayo Morotonga. Akakataa, alisema hiyo ina kazi. Basi nikavuka barabara kwenda dukani kwa Agustina, aliyekuwa anaondoa mbao za dirisha, nikamwambia nataka ndoo, ya bluu. Aliuliza ni ya maji au ya kudanganyia watu. Alipoanza kubandua karatasi ya kiwandani kwa ukucha, nikamwambia aiache ilivyo. Nilikuwa nafunga mzigo kwenye pikipiki wakati kopo lilipoanza kulia ng'ambo, na Agustina akarudi ndani haraka kupanga chumvi mbele.